Usilinakili jedwali la mwaka jana: namna ya kuzipima timu za NFL kabla ya msimu wa 2025

SWALI (Agosti 2025): Kaka, ninaishi Columbus, Ohio, na kazini kwangu karibu kila mtu ni shabiki wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Kila Agosti tunachangishana hela kidogo, halafu kila mmoja anajaza karatasi yake: nani atashika nafasi gani kwenye kila kundi, na timu zipi 14 zitaingia mtoano. Mimi nimekulia na Ligi Kuu ya England, ambako ukinakili jedwali la mwaka jana na kubadilisha timu mbili tatu hukosei sana. Huku nikifanya hivyo naumbuka. Sina muda wa kutazama mechi zote, wala siyajui majina ya wachezaji 53 wa kila kikosi. Nianzie wapi?

JIBU: Dada, hilo la kunakili jedwali ndilo linalokuponza. Hujashindwa kuujua mchezo. Umeingia kwenye ligi iliyoundwa makusudi ili jedwali la mwaka jana lisijirudie.

England mwenye nacho huongezewa. NFL aliyeshika mkia ndiye anayechagua wa kwanza kwenye drafti ya vijana wanaotoka vyuoni, na Aprili mwaka huu Tennessee waliitumia nafasi hiyo kumchukua kotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, Cam Ward. Klabu zote 32 zinabanwa na ukomo mmoja wa mishahara, ambao msimu wa 2025 ni dola milioni 279.2, kwa hiyo tajiri hawezi kununua ubingwa hata akitaka. Fedha za televisheni za taifa zinagawanywa sawa kwa sawa. Kushuka daraja hakupo. Ndiyo maana tangu 1990 haujapita msimu hata mmoja bila timu zisizopungua nne kuingia mtoano ilhali mwaka uliotangulia hazikuwamo. Mwaka jana zilikuwa Washington, Denver, Minnesota na Chargers wa Los Angeles. Wala hakuna klabu iliyowahi kutwaa Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa, mara tatu mfululizo. Kansas City walijaribu Februari wakachapwa 40-22 na Philadelphia.

Kwa hiyo anza na hesabu hii: katika timu 14 za mwaka jana, nne au zaidi zinatoka. Usihangaike kupanga zote 32 kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Tafuta nne za kutoa na nne za kuingiza, na nguvu zako zote ziishie hapo.

Pa kuanzia ni tofauti ya pointi, yaani zile ilizofunga timu ukitoa zile ilizofungwa. Unaizoea kama tofauti ya magoli, ambayo England hukumbukwa timu mbili zikilingana mwishoni. Huku nakushauri uitazame kabla hujaangalia hata idadi ya ushindi. Timu inacheza mechi 17 tu. Tatu nne kati ya hizo huamuliwa na mkwaju mmoja wa dakika ya mwisho, na mechi za namna hiyo hazimpendelei mtu yuleyule miaka yote. Timu bora huwazidi wenzao kwa kushinda kwa tofauti kubwa. Zile za pointi mbili tatu kila mtu hupata na kukosa.

Mfano wa kufundishia ni Minnesota wa 2022. Walimaliza na ushindi 13 na vipigo vinne, wakashinda kundi lao, na mashabiki wao wakawa hawasemezeki. Ila ukijumlisha, walikuwa wamefunga pointi 424 na kufungwa 427. Timu yenye ushindi 13 ilikuwa imefungwa kuliko ilivyofunga! Ilikuwaje? Mechi 11 ziliamuliwa kwa pointi 8 au pungufu, wakashinda zote 11, mojawapo ikiwa ile waliyokuwa nyuma ya Indianapolis 33-0 wakati wa mapumziko wakaigeuza kuwa 39-36. Walipofungwa, walifungwa kwelikweli: Dallas waliwapiga 40-3 nyumbani kwao. Mtoano wakatolewa kwenye mechi ya kwanza, na mwaka uliofuata wakapata ushindi saba na vipigo kumi. Kotabeki wao Kirk Cousins aliumia katikati ya msimu huo, ni kweli, lakini mwenye kusoma hesabu alikuwa ameshawashusha tangu Agosti.

Sasa nenda kwa Kansas City wa mwaka jana. Ushindi 15, vipigo viwili, na tofauti ya pointi 59 tu. Detroit, waliokuwa na ushindi 15 vilevile, walikuwa na 222. Philadelphia 160, Buffalo na Baltimore 157 kila mmoja. Mechi 11 za Kansas City ziliamuliwa kwa pointi 8 au pungufu, wakazoa zote. Siku ya kwanza kabisa mchezaji wa Baltimore, Isaiah Likely, alidaka mpira kwenye eneo la mwisho muda ukiwa umekwisha, na picha zikaonyesha kidole cha mguu wake kimekanyaga mstari wa nje, pointi zikakataliwa. Denver walikuwa na mkwaju mwepesi wa kuwaua, ukazuiwa. Raiders waliupoteza mpira wakiwa wameshafika pa kupiga mkwaju wa ushindi. Dhidi ya Chargers, mkwaju wa Kansas City wenyewe uligonga mlingoti kisha ukaingia. Mimi namheshimu kotabeki wao Patrick Mahomes kama anavyomheshimu kila mtu, na sikatai kwamba utulivu wake dakika za mwisho ni kipaji. Lakini kipaji hakimsogezi Likely sentimita mbili nje ya uwanja.

Hapa wengi huishia, na hapa ndipo pa kuongeza jicho moja zaidi. Ukiitazama Denver, iliyomaliza na ushindi 10 tu katika kundi hilohilo la AFC Magharibi (ligi ina kanda mbili, AFC na NFC, kila moja ikiwa na makundi manne), utakuta tofauti ya pointi 114. Utashawishika kusema walikuwa bora mara mbili ya Kansas City. Ngoja. Mechi yao ya mwisho Denver waliwafunga Kansas City 38-0, na siku hiyo Kansas City walikuwa wameshajihakikishia nafasi ya kwanza ya kanda, wakawapumzisha nyota wao. Iondoe mechi hiyo pande zote mbili: Denver wanabaki na 76, Kansas City wanapanda hadi 97. Picha inabadilika kabisa. Kila unapoona tofauti kubwa au ndogo kupita kiasi, tafuta mechi za wiki ya 18, ambayo ndiyo ya mwisho, na mechi alizocheza kotabeki wa akiba. Dakika tano za kazi hiyo zinaweza kukuzidishia uelewa kuliko vipindi vyote vya redio vya wiki.

Hata baada ya kusafisha hivyo, 97 ni ndogo kwa timu ya ushindi 15. Kansas City ninawashusha, ila sithubutu kuwatoa kwenye 14. Denver ninawapandisha, na sababu yangu si ile 38-0. Safu yao ya ulinzi iliwaangusha makotabeki kabla hawajarusha mpira mara 63 mwaka jana, nyingi kuliko timu yoyote, na Patrick Surtain alichaguliwa mlinzi bora wa ligi. Ulinzi wa namna hiyo hauyeyuki kiangazi kimoja. Nitawapa kundi, Kansas City nafasi ya pili. Kansas City wamekuwa mabingwa wa kundi hilo miaka tisa mfululizo, kwa hiyo kazini watakucheka. Waache.

Kitu kingine kinachodanganya kwenye rekodi ni mipira inayoponyoka. Kumpiga mtu hadi mpira umtoke ni ustadi. Nani atauokota mpira wenye umbo la yai ukidundadunda kwenye nyasi, hiyo ni nusu kwa nusu. Timu iliyookota karibu yote mwaka jana usitegemee irudie.

Baada ya hapo uliza swali la pili: nani anarusha mpira, na anakula sehemu gani ya mfuko? Wenye mazoea ya soka wakiulizwa kuhusu kotabeki huuliza tu kama ni mzuri. Chini ya ukomo wa mishahara hilo ni nusu ya swali. Jayden Daniels, kijana aliyeitoa Washington kwenye ushindi wanne na kuifikisha 12 pamoja na fainali ya kanda ya NFC, ana mkataba wa miaka minne wenye thamani ya karibu dola milioni 38 kwa jumla. Dak Prescott wa Dallas mkataba wake una wastani wa milioni 60 kwa mwaka mmoja. Tofauti hiyo ndiyo inayomnunulia Daniels walinzi na wadakaji. Kijana akifaulu, klabu inapata miaka mitatu minne ya kununua vitu ambavyo wenzake hawawezi, na ndiyo miaka ya kuitegemea. San Francisco walicheza Super Bowl ya Februari 2024 na Brock Purdy, aliyechaguliwa wa mwisho kabisa, namba 262, kwenye drafti ya 2022, akilipwa chini ya milioni moja kwa mwaka. Mwezi Mei mwaka huu wamemsainisha miaka mitano kwa milioni 265. Kuanzia sasa kila kosa la meneja wao litauma.

Upande wa pili wa shilingi wauone hapo hapo Ohio. Cleveland walimpa kotabeki Deshaun Watson milioni 230, zote za uhakika, mwaka 2022. Oktoba iliyopita kano ya kisigino ilimkatika, na mkataba bado unawala. Mwezi huu kambini walikuwa na makotabeki wanne wanaogombea nafasi: Joe Flacco mwenye miaka 40, Kenny Pickett, na vijana wawili wa mwaka huu, Dillon Gabriel na Shedeur Sanders. Wenzako watabishana usiku kucha nani aanze. Timu ikiwa na makotabeki wanne maana yake haina hata mmoja. Waweke mwisho wa kundi uendelee na mambo yako.

Ila usije ukaona deni kubwa ukadhani ndiyo mwisho wa timu. Denver walimwachia kotabeki Russell Wilson Machi 2024 wakabaki na milioni 85 za mtu asiyekuwepo kwenye hesabu zao, wakazigawanya kwa misimu miwili. Mwaka huohuo wakaingia mtoano na kijana Bo Nix. Ukiwa na kotabeki wa bei ndogo unaweza kulimeza jiwe.

Kwa kipimo hiki wa kumtazama mwaka huu ni Drake Maye wa New England. Alichaguliwa wa tatu mwaka jana, akatupwa kwenye timu iliyoshinda mara nne, na bado alionekana anajua kazi. Sasa wamemleta Mike Vrabel kuwa kocha mkuu, mtu aliyewahi kuichezea klabu hiyo na kuifundisha Tennessee miaka sita. Wana fedha nyingi za kutumia, wakamchukua Milton Williams kutoka kwa mabingwa Philadelphia kwa milioni 104 za miaka minne, na kwenye drafti wakamchagua Will Campbell kumlinda Maye upande wa kushoto. Timu ya ushindi wanne yenye kotabeki kijana, kocha mpya anayejua kupanga nyumba, na pesa: hiyo ndiyo sura ya timu inayoruka. Houston waliruka hivyo 2023, Washington wakafuata 2024. Mimi New England ninawaingiza.

Swali la tatu halipendwi na watangazaji kwa sababu halina jezi zinazouzwa. Ni ule ukuta wa watu watano wanaosimama mbele ya kotabeki. Jambo la kukumbuka ni kwamba ukuta huo huhesabiwa kwa mtu aliye dhaifu. Wanne wakiwa hodari na mmoja mbovu, kocha wa upande wa pili atampeleka mkabaji wake mkali kwa yule mmoja mara 40 kwa mechi. Philadelphia wamekuwa mabingwa kwa sababu nyingi, lakini mkimbiaji wao Saquon Barkley hakuzifikisha yadi 2,005 kwa miguu yake peke yake. Mbele yake kulikuwa na watu kama Jordan Mailata, Mwaustralia aliyetoka kwenye ragbi bila kucheza mchezo huu hata siku moja kabla ya 2018. Misimu ya nyuma Barkley alikuwa New York na miguu ileile.

Sasa tazama Chicago. Caleb Williams, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka jana, aliangushwa mara 68. Hakuna kijana anayejifunza kitu akiwa chini. Mwaka huu wamewaleta watu watatu wa katikati ya ukuta: Joe Thuney kutoka Kansas City, Drew Dalman kutoka Atlanta, Jonah Jackson kutoka Rams. Juu ya hapo wamemchukua Ben Johnson, aliyekuwa mratibu wa mashambulizi ya Detroit, awe kocha mkuu. Kama kuna klabu iliyokaa chini ikajiuliza kwa makini nini kiliharibika, ni hii. Kinachonitia wasiwasi ni kundi lao. NFC Kaskazini mwaka jana ilikuwa na timu tatu zenye ushindi 15, 14 na 11, na Chicago watacheza na kila moja mara mbili. Nitawaingiza kwenye 14, kwa nafasi ya mwisho, na mkono ukitetemeka.

Kwa Chargers mambo yamekwenda kinyume. Mapema mwezi huu Rashawn Slater, mtu wa kushoto kwenye ukuta wao, aliumia goti mazoezini na msimu wake umekwisha kabla haujaanza, siku chache tu baada ya kusaini mkataba mpya. Joe Alt atahamia upande huo, na Alt ni mzuri. Lakini sasa upande wa kulia aliouacha una pengo, na nimeshakwambia ukuta unahesabiwaje. Jim Harbaugh ni kocha ninayemwamini. Hata hivyo ninawatoa.

Detroit hao ndio mtihani. Tofauti ya pointi 222 inasema ni wababe, na mwaka jana walifika walipofika bila Aidan Hutchinson, aliyevunjika mguu Oktoba, na nusu ya ulinzi wao ikiwa wodini. Hutchinson amerudi. Lakini Johnson ameondoka, mratibu wa ulinzi Aaron Glenn ameondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Jets, Frank Ragnow aliyekuwa kitovu cha ukuta amestaafu Juni, na Kevin Zeitler aliyekuwa ubavuni mwake amekwenda Tennessee. Kocha mkuu Dan Campbell ni yuleyule, na ndiye roho ya timu. Ila katika mchezo huu anayeandika mashambulizi usiku na kuyaita mchana mara nyingi ni mratibu, na wewe ukisikia mratibu ameondoka usilichukulie kama England wanavyobadilisha kocha msaidizi. Detroit wataingia mtoano. Siwapi ushindi 15 tena, wala 13.

Kuhusu ratiba sitakuchosha. Mechi sita ni za ndani ya kundi, nane ni dhidi ya makundi mawili mazima yanayopangwa kwa mzunguko, na tatu ni dhidi ya timu zilizomaliza nafasi kama yako kwenye makundi mengine. Watu husema aliyeshika mkia hupewa ratiba nyepesi. Ni mechi tatu tu hizo. Giants walishika mkia na bado wana ratiba ngumu kuliko wote ukipima kwa rekodi za mwaka jana, maana mzunguko umewapeleka kwa NFC Kaskazini na AFC Magharibi. San Francisco nao walishika mkia, na mzunguko ukawapa makundi mawili ya Kusini, kwa hiyo wana ratiba nyepesi kuliko wote. Hawa walishinda mara sita tu mwaka jana, mkimbiaji wao Christian McCaffrey akicheza mechi nne na wodi ikiwa imejaa. Wachezaji wakirudi, na wapinzani ni hao, sioni namna ya kuwaacha nje. New England pia ratiba yao ni laini. Kumbuka tu kwamba kipimo hicho kinatumia lile jedwali nililokukataza kulinakili, kwa hiyo kichukue kwa tahadhari.

Mtego mwingine wa karatasi yenu: kila kundi linatoa mshindi, na mshindi anaingia mtoano hata akiwa hovyo. Tampa Bay walishinda NFC Kusini mwaka 2022 wakiwa na vipigo tisa na ushindi nane. Lazima uandike jina moja la kundi hilo. Andika Tampa Bay usonge mbele.

Mechi za kujipima nguvu za Agosti zipuuze matokeo yake kabisa. Detroit wa 2008 walishinda zote nne, kisha wakapoteza 16 kati ya 16. Cleveland wa 2017 wakafanya vilevile: nne kwa nne, halafu sufuri kwa 16. Wanaocheza hapo wengi wao hawatakuwepo Septemba. Na vijana wa drafti, ukiacha kotabeki, wape mwaka mmoja kabla ya kujenga hoja juu yao, hata Travis Hunter wa Jacksonville ambaye kila mtu anamtaja kwa sababu atacheza ulinzi na ushambuliaji.

Turudi kwenu Ohio, kwa sababu najua ndiko ubishi wa kazini unakowaka. Cincinnati mwaka jana walishinda tisa wakakosa mtoano, huku kotabeki wao Joe Burrow akiongoza ligi kwa yadi 4,918 za pasi na pasi 43 za tachidauni, yaani za kufunga. Mara nne walifunga pointi 33 au zaidi wakapoteza: Washington 38-33, Baltimore 41-38 na 35-34, Pittsburgh 44-38. Huhitaji ulinzi mkali ili kugeuza mbili kati ya hizo, unahitaji ulinzi wa kawaida tu, na wamemleta Al Golden kutoka chuo cha Notre Dame kuutengeneza. Trey Hendrickson, aliyeongoza ligi kwa kuwaangusha makotabeki, anavutana na klabu kuhusu mkataba. Akisaini, waingize bila kusita. Shida yao nyingine ni kuanza msimu wakiwa usingizini: mwaka jana walipoteza nne kati ya tano za mwanzo. Ninawaingiza, na nikikosea itakuwa ni kwa sababu Burrow ameumia.

Anayetoka kuwapisha ni Pittsburgh. Hapa najua ninacheza na moto, maana kocha wao Mike Tomlin hajawahi kumaliza msimu na vipigo vingi kuliko ushindi tangu 2007. Lakini kotabeki wao Aaron Rodgers anafikisha miaka 42 Desemba, na timu ilimaliza mwaka jana kwa vipigo vitano mfululizo ukihesabu na ule wa mtoano. Wengine wawili ninaowatoa ni Minnesota, walioshinda 14 na kotabeki Sam Darnold, wakamwachia aende Seattle, wakamkabidhi timu J.J. McCarthy ambaye hajacheza mechi hata moja ya ligi, na Washington. Ya Washington inaniuma kuiandika kwa namna ninavyompenda Daniels. Ila mechi zao nyingi ziliamuliwa mwishoni kabisa, ile ya Chicago kwa pasi ndefu ya kubahatisha muda ukiwa umekwisha, 18-15, na wamejaza wakongwe. Hiyo kwangu inafanana mno na Minnesota wa 2022.

Basi hesabu yako iko hivi: nje Pittsburgh, Chargers, Minnesota, Washington, ndani New England, Cincinnati, San Francisco, Chicago. Usikabidhi karatasi leo. Agosti 26 saa 10 jioni kwa saa za kwenu kila klabu lazima iwe imepunguza kikosi hadi wachezaji 53, na wiki hiyo mikataba iliyokwama hukwamuka na watu huuzwa; Micah Parsons, mlinzi nyota wa Dallas, ameshaomba kuondoka. Soma orodha ya majeruhi siku inayofuata, angalia nani anasimama kushoto kwa kila kotabeki, halafu jaza. Una muda hadi Alhamisi ya Septemba 4, Dallas watakapokuwa wageni wa Philadelphia.